Ua la Kuchagua Wakati wa Kiangazi

Leo napenda kusema nanyi habari za maua ya kupamba nyumba zetu hapa Shinyanga, tangu Juni mpaka Oktoba, majira ambayo malambo hukauka na ndoo moja ya maji huwa ni mali.

Miaka kadhaa iliyopita nilirudi kutoka Lushoto, katika milima ya Usambara, nikiwa na mche wa haidrenjia. Asili ya ua hilo ni Japani, nalo lina vichala vikubwa vya mviringo, vizuri ajabu. Huko Lushoto lilikuwa la buluu. Nikalipanda kwetu Kambarage, mjini Shinyanga, katika udongo ambao Wasukuma huuita ibushi, udongo wenye chokaa. Lilipochanua lilikuwa na rangi ya waridi! Nilidhani nimepunjwa, kumbe sivyo. Haidrenjia ya aina hiyo ikipandwa katika udongo mchachu hufyonza madini ya alumini, na ua huwa la buluu. Chokaa huizuia alumini hiyo, na ua huwa la waridi. Chokaa huzuia hata chuma, ndiyo sababu majani ya mche wangu yaligeuka manjano.

Jina la haidrenjia latokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya chombo cha maji. Maana hiyo niliielewa mwezi wa Septemba. Kila adhuhuri majani yalinyauka, na kila jioni mche ulitaka ndoo nzima. Mama yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akichota, akaniambia, "Mwanangu, kijiti chako chanywa kuliko ndama." Niliona haya sana. Tangu siku ile, kabla sijauliza rangi ya ua, nauliza kwanza nani atalichotea maji.

Basi, ukuta wa nyumba upewe bogenvilia. Mmea huu ulitoka Brazili, nao umepewa jina la Bougainville, baharia Mfaransa aliyeizunguka dunia kati ya 1766 na 1769. Ukisha kushika mizizi vema, ukavu ndio huuchochea kuchanua; ukiumwagilia maji na samadi kupita kiasi utapata majani matupu. Tena tazameni kwa makini: kile cha rangi mnachokiita ua ni majani yaliyogeuka rangi, na ua lenyewe ni kile kijiti cheupe kilichomo katikati.

Ziko aina mbili zilizo maarufu. Yenye majani laini yasiyo na manyoya haikui kwa fujo, nayo yafaa penye uwanja mdogo. Yenye majani ya manyoya hupanda juu sana, na miiba yake ni mikali. Isipandwe karibu na njia wapitapo watoto.

Mvua za Novemba zikianza, kata tawi lililokomaa, unene wa penseli na urefu wa shibiri moja. Ondoa majani ya chini, ulichomeke kwa mshazari katika mchanga wenye unyevu, penye kivuli. Likisha kuchipua na kushika mizizi, lihamishe pamoja na udongo wake, wala usiukung'ute, kwa maana mizizi yake hukatika upesi. Katika mbuga, penye udongo mweusi unaotuamisha maji, fanya kwanza tuta, ama mizizi itaoza.

Na anayeipenda haidrenjia hata hivyo? Simkatazi. Wenzetu wa Geita, walio karibu na ziwa, hupata mvua nyingi kuliko sisi, nao waweza kuijaribu kwa matumaini zaidi. Hapa Shinyanga ni mche mmoja tu, katika chungu chenye tundu chini, upande wa nyumba upatao jua la asubuhi peke yake. Mwagia maji yaliyosuuzia mboga. Tena usiikate ovyo mwishoni mwa kiangazi, kwa kuwa aina hiyo ya vichala vya mviringo huchanua hasa katika matawi ya mwaka uliopita; ondoa vichala vilivyokauka tu, na vijiti vilivyokufa.