Mwaka 1922 na Mpaka wa Bugufi

Utawala wa Waingereza unapotajwa hapa Mutoyi, Burundi, wengi huuhesabu kuwa habari ya majirani: sisi tulikuwa na Wajerumani, kisha Wabelgiji, nao Watanganyika wakawa na Waingereza. Mada hii inaupinga mgawanyo huo. Mwaka 1922, ulioipa Tanganyika ya Waingereza uhalali wake, ndio pia uliohalalisha kukatwa kwa Bugufi kutoka Burundi, upande wa Muyinga. Nadai kwamba kilichoamua hatima ya ardhi za mpakani ni uwezo wa wenyewe kujitetea mbele ya wakubwa, kuliko haki ya kihistoria.

Tarehe 30 Mei 1919, Milner kwa niaba ya Uingereza na Orts kwa niaba ya Ubelgiji walipatana namna ya kugawana Afrika Mashariki ya Wajerumani. Wabelgiji, ambao majeshi yao yalifika Gitega na hata Tabora mwaka 1916, walibakiwa na Ruanda-Urundi. Tarehe 20 Julai 1922, mjini London, Baraza la Shirikisho la Mataifa likathibitisha siku hiyohiyo udhamini wa Waingereza juu ya Tanganyika na ule wa Wabelgiji juu ya Ruanda-Urundi. Gisaka ya Rwanda iliangukia kwa Waingereza, waliotaka mahali pa kupitisha reli ya kwenda Uganda, magharibi ya Mto Kagera. Bugufi, ambayo Warundi waliihesabu kuwa ya mwami (mfalme) wao, nayo ikawa Tanganyika. Lakini Gisaka haikudumu huko. Mwami Musinga wa Rwanda alilalamika, Askofu Classe akamtetea, Wabelgiji wakalibeba shauri hilo hadi kwenye Shirikisho, na mwaka 1923 Waingereza wakakubali kuirudisha. (Reli yenyewe haikujengwa kamwe.) Kwa Bugufi hapakuwa na kelele za namna hiyo. Mwami Mwambutsa wa Burundi alikuwa mtoto wa miaka kama kumi, na nchi ilikuwa mikononi mwa wasimamizi waliomtawalia.

Atakayepinga atasema Bugufi haikufungamana sana na ikulu, hivyo Burundi haikupoteza kitu. Hoja hiyo ina uzito, ila haielezi kilichotokea. Kaskazini-magharibi mwa Burundi, chifu Kilima alimwasi mwami kwa miaka mingi, na bado eneo lake likabaki ndani ya Urundi. Gisaka yenyewe ilitekwa na Rwanda katika karne ya 19 tu, na ikarudishwa kana kwamba ilikuwa yake tangu kale. Kama ulegevu wa utii ungekuwa kipimo, Gisaka ingekuwa ya kwanza kupotea.

Wengine husema mpaka huo ulikuwa mstari wa karatasini, kwa kuwa watu waliendelea kuvuka. Ni kweli walivuka, lakini tuulize walikimbia nini. Maelfu ya Warundi waliingia Tanganyika na Uganda kutafuta mshahara na kukwepa kodi, kazi za shuruti na kiboko cha Wabelgiji. Mpaka usio na maana haumwokoi mtu na kiboko.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia madai ya Bugufi yalifika Umoja wa Mataifa, yakaishia huko. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, na Burundi Julai 1962, Bugufi ilikuwa bado sehemu ya Ngara, Tanganyika.