Mazoezi ya Pamoja na Chakula Chetu

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanajumuiya na majirani katika maadhimisho ya hekalu letu, Tanga



Kamati imetuomba tuseme maneno machache juu ya afya, na imetuomba pia tusiwachoshe, kwa kuwa chakula ki tayari. Tutajitahidi, ingawa chakula hicho nacho kimo katika yale tutakayoyasema.

Kama mjuavyo, ukumbi huu hutumika alfajiri, siku tatu kwa juma, kwa darasa la mazoezi ya viungo. Mwezi ujao kamati itakaa kuamua kama darasa hilo liendelee, na kama mlango uendelee kuwa wazi kwa majirani wasio wa jumuiya yetu. Wapo wazee wanaoona kwamba ukumbi wa hekalu si mahali pa kurukaruka. Wapo wanaotukumbusha kwamba umeme na usafi vina gharama. Hoja hizo zimetolewa kwa heshima, nasi tungependa kuzijibu kwa heshima hiyo hiyo.

Kwanza tuitazame hali yetu sisi wenye asili ya Gujarat. Madaktari wametambua kwa muda mrefu kwamba watu wa asili ya Bara Hindi hupatwa na kisukari mapema, na wakiwa na uzito mdogo, kuliko watu wa asili ya Ulaya. Mtu wetu aweza kuonekana mwembamba wa mikono na miguu, ilhali mafuta yamejikusanya tumboni. Kwa sababu hiyo wataalamu wa kisukari wameweka mpaka wa kiuno kwa watu wa asili yetu kuwa sentimita 90 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Wengi wetu humu ni wauza vitambaa. Futi ya kupimia tunayo shingoni kutwa nzima. Basi jioni, kabla ya kufunga duka, tuizungushe kiunoni mwetu mara moja.

Babu zetu walifika pwani hii kwa majahazi, kwa upepo wa kaskazi, kutoka Kutch na Kathiawad. Walibeba magunia, wakatembea, na katika mji huu wa Tanga, ambao hata leo wageni huustaajabia kwa wingi wa baiskeli, wakaendesha baiskeli hadi mashamba ya katani. Walikula sana, lakini kazi ililipa deni lile kabla ya jua kuchwa. Duka la siku hizi ni kazi ya kiti. Tunafika kwa gari, tunaketi nyuma ya kaunta, vijana wa kazi wanashusha mzigo, na simu inamaliza yaliyobaki.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Darasa letu ni dakika 50, mara tatu. Hesabu hiyo mfanyabiashara haitaji kikokotoo.

Mtatuuliza: je, kila mtu hawezi kufanya mazoezi kwake? Anaweza, lakini hafanyi. Tunaijua mashine ya kukimbilia iliyonunuliwa kwa fedha nyingi, ikawekwa chumbani, na leo imeanikwa taulo. Aliyeinunua si mvivu. Duka lake halijafunguliwa kwa kuchelewa hata siku moja, kwa sababu mteja anamngoja. Hata katika mazoezi hana budi awepo mtu anayemngoja.

Na kungojwa huko ndiko kunakotufanya tuzungumze leo. Mwaka jana mama mmoja wa jumuiya yetu, mjane ambaye watoto wake wote wako Uingereza na Kanada, hakuonekana darasani siku ya Jumatano. Hakuwa na desturi ya kukosa. Wenzake wawili, mmoja wa kwetu na mmoja jirani kutoka Ngamiani, walikwenda kumgongea kabla jua halijapanda. Walimkuta sakafuni, nyonga imevunjika, ameanguka tangu usiku. Leo ameketi hapa kati yetu na fimbo yake, na ametuomba tusimtaje jina. Kama si darasa, mtu wa kwanza kugonga mlango ule pengine angekuwa mwenye nyumba, mwisho wa mwezi, amekuja kudai kodi.

Tunaposema mazoezi ni dawa ya akili, msidhani tunasema habari za wendawazimu. Tunasema habari za mtu anayekaa siku nne bila kusikia jina lake likiitwa. Nyumba zetu nyingi zimekuwa hivyo: vyumba vitano, mtu mmoja, na televisheni. Mama zetu hao hawakuja kwa ajili ya kisukari. Walikuja kwa sababu kuna mahali pa kwenda saa kumi na mbili asubuhi, na baada ya mazoezi kuna robo saa ya maongezi ambayo, tuseme kweli, wengine huipenda kuliko mazoezi yenyewe. Mwalimu naye amewaongezea zoezi la kusimama kwa mguu mmoja, mkono ukutani, kwa maana kwa watu waliovuka miaka 65 mazoezi ya kujimudu wasiyumbe yanahimizwa sawa na ya kutembea.

Sasa juu ya majirani. Walipokuja mara ya kwanza, baadhi yao waliuliza, na walikuwa na haki ya kuuliza, kama surya namaskar ni ibada. Tuliwajibu wazi: kwa Mhindu ni salamu kwa jua, nayo ina mikao 12, lakini darasani haisomwi mantra yoyote, na asiyetaka mikao hiyo hutembea akizunguka ukumbi mpaka wenzake wamalize. Hakuna aliyelazimishwa, wala hakuna aliyeondoka kwa sababu hiyo. Mwalimu huhesabu ek, be, tran, na leo kuna mama wa Kidigo wanaohesabu hadi kumi kwa Kigujarati kwa lafudhi nzuri kuliko wajukuu wetu walioko Leicester.

Kwa wazee wanaosema ukumbi si wa kurukaruka, tunauliza kwa unyenyekevu: na garba je? Kila mwaka, kwa usiku tisa wa Navratri, tunazunguka taa humu humu tukipiga makofi mpaka jasho linatiririka. Mwaka 2023 UNESCO iliiandika garba ya Gujarat katika orodha ya urithi wa binadamu. Mwaka huo huo magazeti ya India yaliripoti habari za watu waliofariki kwa moyo wakiwa wanacheza garba, na baadhi yao walikuwa vijana. Mwili ulioketi miezi kumi na moja, kisha ukaamshwa ghafla kwa usiku tisa, huo umedhulumiwa. Darasa la alfajiri ndilo linalouandaa. Na kwa sisi tuliovuka miaka sitini tunaosema tumezeeka, Mahatma Gandhi alikuwa na miaka 60 alipotembea kutoka Sabarmati hadi Dandi mwaka 1930, kiasi cha kilomita 385 kwa siku 24. Umbali huo unazidi ule wa Tanga hadi Dar es Salaam.

Tuje kwenye sahani. Hapa ndipo tunapojua kwamba baadhi yenu mtaacha kutuangalia usoni.

Chukueni chai peke yake. Vikombe vitano kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe, ni vijiko 15. Shirika la Afya Duniani lashauri sukari ya kuongezwa isizidi kiasi cha vijiko 12 kwa siku kwa mtu mzima, na likaona heri iwe nusu ya hivyo. Hapo bado hatujagusa jalebi. Na Ekadashi, siku ya mfungo, tunaacha nafaka kwa uaminifu mkubwa, kisha tunakula mihogo na viazi vilivyozama katika mafuta. Tulipowasimulia majirani Waislamu walicheka, wakatuambia nao wanaijua sambusa ya futari. Sura ya 6 ya Bhagavad Gita imekwisha kufundisha kiasi katika kula. Hatuhitaji kuagiza mafundisho kutoka nje. Ila mwenye kisukari anayemeza dawa au kujidunga insulini asifunge kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Chakula chema hakikutoka mbali nasi. Kathiawad mkulima alikula rotlo la unga wa uwele, mboga za majani na mtindi mwepesi. Uwele huo huo ndio ugali wa Wagogo wa Dodoma. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2023 kuwa mwaka wa nafaka za jamii hiyo, kwa pendekezo la India, nasi tulikuwa tumeuacha tukafuata unga mweupe. Choroko, mbaazi, dengu, kisamvu, mchicha: vyote vipo sokoni Tanga, kwa bei ndogo kuliko pakiti ya vitafunio vya kukaanga.

Tunawashukuru mama zetu wa jikoni ambao leo wamekubali kujaribu. Mtakuta rotlo la uwele, khichdi ya choroko, kachumbari na machungwa ya Muheza. Ladu lipo, ni moja kwa kila mtu, nalo litagawiwa kwa mkono. Sinia halitaachwa mezani.

Mpaka kamati itakapoamua, darasa linaendelea Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Lango la upande wa jiko hufunguliwa saa kumi na mbili kasorobo, viatu huachwa nje. Mikeka ya ziada ipo 12. Atakayekuja wa 13 aje na wake.