Mtoto Ana Mama Yake: Kumlea Mtoto Mchanga kwa Muda



Leo tunazungumza juu ya kumlea mtoto mchanga wa mwenzetu wakati mama yake anajitengeneza. Huenda mama ni mgonjwa, au pombe imemlemea, au hana hata mahali pa kulala. Mtoto anahitaji mikono sasa hivi. Lakini mama hajafa, wala hajamtupa.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Wakasema pia, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mlezi wa muda ayashike yote mawili.

Kwanza, karatasi. Tusichukue mtoto kwa maneno ya mdomo tu, hata kama ni wa jirani. Twende kwa afisa wa watoto, na chifu ajue. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inatofautisha malezi ya muda na kuasili. Anayeasili huwa mzazi kwa amri ya korti. Mlezi wa muda anamshikia mwenzake.

Pili, afya. Kitabu cha kliniki kifuatane na mtoto, na chanjo zisikatizwe. Nesi ndiye wa kutuambia maziwa gani yanafaa. Kikombe safi ni salama kuliko chupa, maana chupa ni vigumu kuiosha vizuri.

Tatu, na hapa ndipo penye kazi: mama mwenyewe. Akija kumwona mtoto, tumpe amshike. Amwogeshe, amlishe, ambembeleze mpaka alale. Mtoto akilia, tusimnyang'anye tukisema, "Eti hakujui!" Mtoto wa miezi minane hivi huogopa sura asizoziona kila siku. Hiyo si dalili kwamba mama hafai. Ni dalili kwamba aje mara nyingi zaidi. Tukae kando yake, mtoto atuone, atulie. Jina alilopewa na mama libaki lile lile.

Vikundi vyetu humpelekea mlezi sukari na sabuni, na ni vizuri. Lakini jameni, mama je? Yeye ndiye mwenye safari ndefu. Kikundi kinaweza kumsindikiza hospitali, kumtafutia chumba, kumkopesha kidogo aanze kuuza mboga. Akianguka tena, tusiseme, "Si tulijua?" Tumwinue.

Hatusemi kila mama atafaulu. Lakini uamuzi huo ni wa afisa na wa korti. Si wa majirani, wala si wa mlezi ambaye moyo wake umeshikamana na mtoto.

Siku ya kurudi isije kama mwizi. Afisa akikubali, mtoto ashinde kwa mama mchana, kisha alale usiku mmoja, kisha siku kadhaa, ndipo arudi kabisa. Abebe shuka au nguo aliyoizoea.

Mlezi atalia. Tusimwambie, "Kwani alikuwa wako?" Tukae naye. Kazi yake haikupotea: mtoto aliyepakatwa vizuri amejifunza kumwamini mtu, na imani hiyo anamrudia nayo mama yake. Mama naye akiwa na busara, atamwita mlezi shangazi wa mtoto, na mlango utabaki wazi.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:
1. Ni mama gani hapa kwetu anayehitaji kusindikizwa kabla hajapoteza mtoto?
2. Tutamsaidiaje bila kumwaibisha?