Haki ya Mtihani Haidaiwi Asubuhi ya Mtihani



Vijana wenzangu, Sura ya Abasa sote tumeisoma madrasa, na kisa cha Abdullahi bin Ummi Maktum, yule sahaba asiyeona, twakijua. Lakini ana kisa chengine ambacho hatukisikii sana. Iliposhuka aya ya 95 ya Surat An-Nisaa, kwamba hawalingani waumini wanaokaa nyuma na wale wanaotoka katika njia ya Mwenyezi Mungu, yeye aliuliza: na mimi nisiyeona, je? Papo hapo yakashuka maneno ya kuwatoa wenye udhuru, yakaingia ndani ya aya yenyewe. Hakuna aliyemwambia kwamba anataka kupendelewa.

Nimeanza na hilo kwa sababu kila tukitaja wanafunzi wasioona kuongezwa muda, hakukosi mtu wa kusema, "Lakini hao si wanapendelewa?" Hapana, ndugu yangu. Karatasi ya Hesabu inapima hesabu, haipimi macho. Anayesoma breli anasoma kwa vidole, herufi kwa herufi. Wewe ukitaka kurudi kwenye swali la tatu unatupa jicho tu. Yeye anafunua kurasa nene na kuanza kulitafuta kwa mkono. Ile nusu saa ya ziada wala haimfidii yote.

Na sheria tunayo. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia breli, na kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vya ulemavu wake. KNEC huandaa karatasi za breli na za maandishi makubwa. Skuli za wasioona, kama Likoni au Thika, walimu wanaujua utaratibu huu vizuri.

Mimi wasiwasi wangu uko kwa mtoto aliye skuli ya kawaida, anayeona kidogo. Huyu si kipofu, kwa hivyo hakuna anayemhesabu. Mtoto mwenye ualbino, kwa mfano, jua la dirishani linamuumiza na ubao hauoni. Anakaribisha daftari mpaka puani. Mwalimu anamwita mvivu, nyumbani wanasema anaangalia simu sana. Ikifika Oktoba au Novemba anawekewa karatasi ile ile ya wenzake, maandishi madogo, muda ule ule. Anafeli, kisha tunasema ni qadar! Qadar gani hiyo, na fomu haikujazwa?

Maana yote haya huamuliwa wakati wa usajili, miezi mingi kabla ya mtihani. Lazima skuli iandike kwamba mtahiniwa huyu anahitaji breli au maandishi makubwa, na iwe na ripoti ya kituo cha tathmini, kile wanachokiita EARC. Asubuhi ya mtihani, hata msimamizi mwenye huruma vipi hana karatasi nyengine ya kukupa.

Wazazi wengine wanaficha. Wanaogopa mtoto ataitwa mlemavu, hasa akiwa msichana, watu watasemaje siku ya posa. Naelewa hofu hiyo, lakini wallahi anayeilipia ni mtoto.

Kwa hivyo wewe uliye na mdogo wako darasani, muulize leo: ubao unauona? Kama hauoni, mzazi ampeleke hospitali ya macho, kisha kituo cha tathmini, mapema. Mwalimu mkuu aandikiwe barua, na nakala mbaki nayo, yenye muhuri wa skuli. Mkijibiwa kwa mdomo tu, ombeni jibu la maandishi. Usajili ukifanyika, mzazi aombe kuonyeshwa kwa macho yake kwamba hitaji la mtoto limeandikwa.

Mkizungushwa, njooni na ile nakala tufuatilie pamoja. Na walio na ndugu wa KPSEA, KJSEA au KCSE wasitoke bado, tuonane hapa mbele tuandike majina.

Wabillahi tawfiq.