Ubuyu, Zambarau na Ugonjwa wa Kisukari: Chama Kiuze Nini?

Maneno ya Mkaguzi wa Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Makutupora, Dodoma



Swali mlilolileta ni hili: je, chama kitoe fedha za wanachama kununua mashine ya kusaga ubuyu na kokwa za zambarau, ili unga huo uuzwe kama dawa ya kisukari? Nitajibu waziwazi, lakini kwanza tuutazame ukweli.

Sifa ya ubuyu si ya uongo. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford Brookes, Uingereza, waliwanywesha watu maji yenye dondoo la ubuyu pamoja na mkate mweupe. Sukari katika damu yao ilipanda kidogo kuliko walipokula mkate bila ubuyu. Hayo yanatia moyo. Lakini kupunguza sukari baada ya mlo mmoja si kuponya ugonjwa.

Zambarau nayo imetumiwa tangu zamani na waganga wa India. Hata hivyo, jaribio lililotangazwa mwaka 2004 nchini Brazil lilionyesha kuwa chai ya majani yake haikushusha sukari ya wagonjwa. Majani si kokwa, ni kweli. Lakini tunajifunza kwamba kila sehemu ya mti hupimwa peke yake.

Mimea huweza kuzaa dawa halisi. Mwaka 1835 wataalamu walitoa kemikali ya floridzini katika ganda la mzizi wa mti wa tufaha. Dawa za kisukari zilizotokana na ujuzi huo zilianza kuruhusiwa Ulaya mwaka 2012. Kazi hiyo ya miaka mingi haifanywi na mashine ya kusaga.

Ndugu zangu, tukumbuke mwaka 2011, maelfu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Kisukari kilitajwa miongoni mwa maradhi yatakayopona, na wapo wagonjwa walioacha dawa za hospitali. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini, hufa. Naye anayechanganya vidonge na dawa ya mitishamba bila kumwambia daktari, sukari yake yaweza kushuka mno: atatetemeka, atatoka jasho, hata kuzirai. Pakiti yenye muhuri wa chama ikimfikisha mwanachama hapo, Bodi itamjibu nini mjane wake?

Kwa hiyo nashauri haya. Kwanza, kama hesabu za soko zinaruhusu na Mkutano Mkuu umeridhia, mashine inunuliwe, na ubuyu uuzwe kama chakula, kwa viwango vya TBS. Pili, neno “dawa” lisiandikwe kwenye pakiti. Dawa ya asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Tatu, mwenye ujuzi wa kokwa aupeleke kwa watafiti wa Taasisi ya Tiba Asili, Muhimbili, kwa makubaliano ya maandishi. Nne, katibu awasomee wanachama onyo kwamba asiwepo atakayeacha dawa ya hospitali.

Zabibu za Makutupora zilipata jina bila kuitwa dawa. Ubuyu wetu nao utapata.