Kabla ya Bango: Ushauri Nasaha na Kuitangaza Hospitali Katika Mji wa Goma



Kichwa nilichopewa kinaunganisha mambo mawili ambayo vitivo vyetu huyaweka mbalimbali: kumshauri mtu aliyepatwa na janga, na kuitangaza huduma ya afya ili watu waijie. La kwanza tumewaachia wanasaikolojia. La pili tumewaachia watu wa uchumi, tena kwa aibu kidogo, kana kwamba kutangaza ni kazi ya wauza simu. Leo nadai kwamba hapa Goma kazi hizi mbili ni moja. Mshauri anapoketi mbele ya mama ndani ya hema, mama huyo ameshatangaziwa hospitali zamani. Ameliona gari la hospitali likipita na vumbi, amesikia bili ya jirani, anajua maiti ya shangazi yake ilivyozikwa. Maneno ya mshauri yanakuja baada ya tangazo hilo, na tangazo likiwa baya, yeye ndiye anayelipa deni.

Nianze na Ebola, maana ndipo tulipojifunza kwa gharama kubwa. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza mlipuko katika jimbo letu la Kivu ya Kaskazini, ukianzia upande wa Mangina na Beni. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao wamekufa. Ni mlipuko wa pili kwa ukubwa duniani, baada ya ule wa Afrika Magharibi. Na safari hii chanjo ilikuwepo tangu wiki za kwanza. Mbona basi ilichukua karibu miaka miwili?

Jibu lililorudiwa mikutanoni lilikuwa fupi: utamaduni. Ilisemwa kwamba watu wa Beni na Butembo wanaosha maiti, wanaamini uchawi, wanakimbilia vyumba vya maombi. Sisemi ni uongo. Vyumba vya maombi vilikuwepo, na vituo vidogo vya tiba vinavyochanganya mitishamba na sindano vilieneza virusi kwa watoto wengi wa Beni. Lakini jibu hilo lilikuwa raha mno kwa aliyelitoa, kwa sababu lilimweka mgonjwa peke yake kizimbani.

Mwezi Septemba 2018 watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Robo yao hivi hawakuamini kwamba Ebola ipo. Waliosema wanaziamini mamlaka za mahali walikuwa chini ya theluthi moja. Tazameni hesabu hiyo ya pili, maana ndiyo inayoieleza ya kwanza. Hawa ni watu ambao tangu Oktoba 2014 wanauawa kwa mapanga usiku vijijini mwao, na walioona askari wakifika asubuhi. Mwaka 2019 surua ilikuwa inaua watoto wengi wa Kongo kuliko Ebola. Mwanzoni mwa 2020 waliokufa kwa surua walikuwa wamepita 6,000. Mzazi aliyezika watoto kwa surua au malaria, kisha akaona magari mapya yanakuja kwa ajili ya homa moja tu, aliuliza swali la mnunuzi yeyote mwenye akili: bidhaa hii inamfaa nani?

Halafu ukaja uchaguzi. Siku chache kabla ya tarehe 30 Desemba 2018, tume ya uchaguzi iliahirisha kura ya Beni na Butembo hadi Machi 2019, na mojawapo ya sababu zilizotajwa ilikuwa Ebola. Rais mpya akaapishwa Januari, kabla watu hao hawajapiga kura. Kesho yake baada ya tangazo la kuahirisha, waandamanaji wa Beni walivamia kituo cha wagonjwa. Mtu aliyeambiwa kwamba Ebola inamzuia kupanga mstari wa kura, lakini haimzuii kwenda sokoni wala kanisani, alihitaji uchawi gani ili aanze kushuku?

Naomba nieleweke. Vituo vya Ebola vya Katwa na Butembo vilivyochomwa Februari 2019 havikumdhulumu mtu yeyote, na Dkt. Richard Mouzoko, aliyeuawa kwa risasi hospitalini Butembo tarehe 19 Aprili 2019, alikuwa ametoka Kameruni kuja kutibu watu. Hakuna historia inayohalalisha hayo. Ninachosema ni kwamba mshauri aliyefunzwa mila za mazishi za Wanande, watu wa Beni na Butembo, bila kufunzwa habari za Desemba 2018 hakuufahamu utamaduni wa Beni. Alikariri nusu yake, ile isiyomgusa aliyemtuma.

Kuna utamaduni mwingine tuliousahau kabisa, nao ni wetu wenyewe, sisi wa riposti, yaani timu za kupambana na Ebola. Tulikuwa na mavazi yetu, lugha yetu ya vifupisho, desturi yetu ya kwenda msafara wa magari matano kumtafuta mtu mmoja aliyemgusa mgonjwa, wakati mwingine na askari nyuma. Tulikuwa na posho ya siku, na mji mzima ulijua kiasi chake. Watu waliiita biashara ya Ebola, na hawakuwa wamekosea sana: nyumba zilipanda kodi, magari yalikodiwa kutoka kwa wakubwa, na kijana wa mtaa aliyeomba kazi aliona nafasi zimechukuliwa na wageni kutoka Kinshasa. Septemba 2021 tume huru iliyochunguza unyanyasaji wa kingono wakati wa riposti ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Wanawake walisimulia kuahidiwa kazi kwa kulala na mtu. Baada ya hapo, wewe mtaalamu wa mawasiliano, utachora bango la rangi gani?

Hata hivyo yapo tuliyojifunza, na mazuri zaidi tulijifunza makaburini. Mwanzoni timu ya mazishi ilifika ikiwa imevaa tayari, kuanzia miwani hadi viatu. Walishuka garini bila sura. Maiti iliingia kwenye mfuko uliofungwa, mfuko ukaingia kwenye sanduku, na familia ikasimama mbali. Haikupita muda, mitaani ikasemwa kwamba mifukoni mna mawe, kwamba viungo vimetolewa vikauzwe. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu walikuwa wanaandika kila lisemwalo, nyumba kwa nyumba, hata matusi, na kutokana na maandishi hayo mambo yakabadilika. Timu zikaanza kufika na nguo za kawaida, kusalimia, kukaa kwanza kwenye kilio, kujitaja majina, ndipo wavae mbele ya wenye msiba. Ikaletwa mifuko yenye sehemu ya kuonea, ili mjomba na binti mkubwa wauone uso na kuthibitisha kwamba ni ndugu yao. Familia zikapewa nafasi ya kuchagua nguo za marehemu, kuchimba kaburi, kumleta mchungaji au shehe.

Hapo ni ushauri nasaha au ni utangazaji? Ni vyote viwili kwa tendo moja. Mjomba aliyeuona uso alirudi nyumbani akatangaza mwenyewe, na hakuna redio inayoshindana na mjomba aliyetoka makaburini. Tena aliyeona uso huanza kulia, na aliyelia anaweza kushauriwa. Aliyenyimwa uso bado yuko kwenye hasira na maswali, na mshauri akimwambia «pole, kubali» anamwongezea jeraha.

Hapa Goma kesi ya kwanza ilithibitishwa tarehe 14 Julai 2019: mchungaji aliyekuja kwa basi kutoka Butembo. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Mwisho wa mwezi akafa mchimba dhahabu aliyetoka Ituri, na watu wa nyumba yake wakaugua. Tarehe 1 Agosti Rwanda ilifunga mpaka kwa saa kadhaa, na wale wanaovuka kituo cha mpakani cha Petite Barrière kila asubuhi na mizigo yao walijua njaa inafananaje. Mji wa watu zaidi ya milioni moja ulikuwa na sababu zote za kuwaka, lakini haukuwaka. Kesi zilikuwa nne tu.

Wataalamu watawatajia chanjo, ufuatiliaji, na ndoo za maji ya klorini zilizokuwa kila mlango, na ni kweli. Mimi naongeza jambo moja. Katikati ya Agosti mama mmoja na mtoto wake mdogo walitoka kituoni hapa mjini wamepona. Profesa Muyembe, yule aliyekwenda Yambuku mwaka 1976, Ebola ilipojulikana kwa mara ya kwanza, alikuwa mbele ya watu akieleza kwamba sasa kuna dawa, na kwamba anayewahi ana nafasi kubwa ya kupona. Mojawapo ya dawa hizo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995, yaani ilitoka mwilini mwa Mkongomani. Watu waliona mama amesimama kwa miguu yake. Kabla ya siku hiyo kituo cha Ebola kilijulikana kama mahali pa kwenda kufa. Baada yake kikawa mahali ambapo watu walionekana wakitoka. Kule Beni na Katwa waliopona waliajiriwa kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wodini, kwa kuwa miili yao ilikuwa imeshapata kinga. Mshauri wa aina hiyo hahitaji kueleza sana.

Sisi Wakongomani si wageni wa kazi hii ya kutangaza afya, jamani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa, ndiyo ilikuwa mfano wa bara zima katika kuuza kondomu kwa bei ndogo kupitia maduka ya kawaida, kwa jina la Prudence, na mwanamuziki Franco mwenyewe alitoa wimbo kuhusu ukimwi mwaka 1987. Nchi iliyoweza hivyo haikosi ustadi wa kutangaza. Tatizo liko kwingine.

Sasa twende kwenye jambo gumu kuliko Ebola, nalo ni ubakaji. Mwaka 2023 Madaktari Wasio na Mipaka waliwahudumia zaidi ya wahanga 25,000 nchini, na walio wengi walikuwa Kivu ya Kaskazini, hasa kambi zilizouzunguka mji huu. Wengi walibakwa walipokwenda kutafuta kuni na chakula. Dawa ya kukinga virusi vya ukimwi inatakiwa ianze ndani ya saa 72. Kwa hiyo lazima huduma itangazwe, itangazwe sana, na mtu aijue kabla hajapatwa. Lakini anayeihitaji hataki kuonekana akiiendea. Mume akijua anaweza kumfukuza, mama mkwe atasema, na hema la jirani limetenganishwa na lake kwa turubai tu.

Nimeona hema limeandikwa kwa herufi kubwa, kwa Kifaransa, shughuli yake ni nini na ni kwa ajili ya nani. Aliyeliandika alikuwa na nia njema na alikuwa na mfadhili wa kuridhisha. Ila mwanamke akiingia pale saa nne mchana, kambi nzima imeshasoma habari yake kabla hajaketi, na wasiojua kusoma watasomewa. Mwanaume aliyebakwa, nao wapo, hatapita hata karibu. Mahali pazuri kwa huduma hiyo ni ndani ya kituo ambacho kila mtu anakiendea kwa malaria, uzazi na kikohozi, kwenye mlango usio na jina, na habari zake zipitie kwa mama wanaoaminiwa. HEAL Africa hapa mjini, hospitali ya Dkt. Jo Lusi na marehemu mkewe Lyn, ilifunza wanawake wa vijijini kuwa washauri miaka mingi kabla hatujaanza kuandika miongozo.

Na hapa nina malalamiko. Mashirika yana masoko mawili: mgonjwa wa hapa Goma na mfadhili wa Geneva. Picha inayomvuta wa pili ndiyo inayomfukuza wa kwanza. Mwanamke husimulia kwa muuguzi, kisha kwa mshauri, kisha kwa mwandishi, kisha kwa mgeni aliyekuja na kamera. Uso wake huingia kwenye kijitabu, na kijitabu siku hizi kinarudi kwa WhatsApp hadi mtaani kwao. Kumsimulisha mtu jeraha lake kwa faida ya ripoti ni kinyume cha ushauri nasaha, hata akitia sahihi. Anayesubiri unga hatii sahihi kwa uhuru. Wanafunzi wa saikolojia, mtakapoajiriwa, mkatae kuwa wapokezi wa kamera.

Tangu Januari 2025 mji umebadilisha watawala, kambi nyingi zimevunjwa na watu wametawanyika. Wahanga wetu hawako tena mahali pamoja pa kupelekewa hema. Wako Kanyaruchinya, Sake, Masisi, majumbani mwa ndugu. Watakuja hospitalini wenyewe au hawatakuja, na uamuzi huo watauchukua kwa waliyoyasikia kuhusu mlango wetu.

Nimalizie hapo mlangoni. Kuna hospitali katika jimbo hili zinazomzuia mama aliyejifungua asiondoke mpaka bili ilipwe. Analala sakafuni kwa sababu kitanda kimepewa mwingine, na bili inaongezeka kila siku anayozuiliwa. Ndugu zake wanazunguka mtaani kuomba, na kila wanapoomba wanaitangaza hospitali hiyo bure, kwa jina lake kamili. Mwaka huohuo hospitali ileile inamlipa mchoraji wa bango lenye mama anayecheka. Wakurugenzi mlioko hapa leo: andikeni bei ya kujifungua ukutani, kwa Kiswahili, mahali mtu anapoiona kabla ya kuingia, na akina mama mliowafungia, waruhusuni waende nyumbani wiki hii. Mkishafanya hivyo, niiteni, tutaongea kuhusu matangazo.