Muhula Umekwisha: Twende Tukaione Kazi ya Mikono Yao

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Rabai, wakati wa kufunga shule

  

Shule zimefungwa. Kila mwisho wa muhula habari huwa ni zile zile: nani amekuwa wa kwanza, timu gani ya mpira imefika wapi, na karo imebaki shilingi ngapi. Habari hizi ni njema na tuendelee kuzipeana. Lakini wako watoto ambao habari zao hazifiki barazani. Hao ni wale wanaosomea ufundi. Mwenzao akirudi na alama nzuri ya Hesabu, mtaa mzima unajua. Yeye akirudi na stuli aliyoiunda mwenyewe, tunaikalia na hatuulizi imetoka wapi.

Leo tunataka kusema jambo moja tu. Ripoti ya mwanafunzi wa ufundi haiishii kwenye karatasi. Nusu yake iko kwenye kazi aliyoifanya kwa mikono, nayo hukamilika siku anapopata kazi yake ya kwanza ya kulipwa. Mwalimu anaweza kumfundisha kuunda mlango, lakini mwalimu hana nyumba inayotaka mlango hapa kijijini. Nyumba ni zetu sisi.

UFUNDI SI MGENI RABAI

Wako wanaosema eti ufundi ni wa wale walioshindwa na kitabu. Hebu tukumbuke historia ya hapa hapa kwetu.

Sote tunajua kwamba Krapf na Rebmann walihamia Rabai mwaka wa 1846. Watoto wetu hupelekwa kuona makumbusho, na hilo wanalijua. Linalosahaulika ni kwamba mwaka wa 1864 walikuja hapa Waafrika wawili, William Jones na Ishmael Semler. Hawa walitekwa utumwani wakiwa watoto, wakakombolewa, wakalelewa na kusomeshwa India, mahali panapoitwa Sharanpur karibu na mji wa Nasik. Katika makao yale watoto waliokombolewa walifundishwa kusoma na kuandika, na pia kazi za mikono kama useremala na uhunzi. Freretown ilipoanzishwa mwaka wa 1875, wenzao wengine wa Nasik walikuja pwani hii kuwa walimu na mafundi. Jones na Semler wenyewe baadaye walikuwa makasisi.

Kazi hiyo ilikuwa ya ndugu zetu Waanglikana, nasi Wakatoliki tunaitaja kwa heshima. Tunaitaja kwa sababu inatufundisha kitu. Mtu aliyenyang'anywa kwao, asiye na shamba wala ukoo, alipewa kitabu mkono mmoja na chombo cha kazi mkono wa pili. Hakuambiwa achague. Basi huyu anayesema leo kwamba nyundo ni ya mjinga, amelitoa wapi neno hilo? Hakulitoa Rabai.

Tutazame na Mombasa, hapo chini tu. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa hakikuanza kama chuo kikuu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kilikuwa taasisi ya kuwafundisha vijana Waislamu wa Afrika Mashariki kazi za ufundi. Mwaka wa 1966 kikawa cha watu wote, 1972 kikawa politekniki, na 2013 kikawa chuo kikuu. Watu walianza na karakana, wakapanda ngazi moja moja.

Na huku vijijini je? Mwaka wa 1966 baraza la makanisa, NCCK, lilitoa ripoti iliyouliza swali ambalo wazazi wanaliuliza mpaka leo: baada ya shule, nini? Watoto wengi walikuwa wakimaliza shule ya msingi bila nafasi ya sekondari wala kazi. Kutokana na swali hilo zikaanza politekniki za vijiji: majengo ya bei rahisi, mafundi wa karibu, na masomo yanayolingana na mahitaji ya wenyeji. Vikundi vya harambee vilichanga mawe na mabati. Tangu Katiba ya 2010, politekniki za vijiji ziko chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo zetu ziko chini ya Kaunti ya Kilifi. Zikivuja paa au zikikosa mwalimu, tunajua mlango wa kubisha.

JINSI YA KUISOMA RIPOTI

Wazazi wengi wanatuambia, "Sisi ripoti hizi za siku hizi hatuzielewi." Hamkosei, kwa maana mambo yamebadilika. Mtihani wa KCPE wa mwisho ulifanywa mwaka wa 2023. Januari 2026 darasa la kwanza la Gredi ya 10 liliingia shule za sekondari ya juu, na huko mwanafunzi hufuata moja ya njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Masomo ya ufundi, kama useremala, ujenzi, umeme, kazi za chuma na mitambo, yako ndani ya ile njia ya sayansi na teknolojia. Hayakutupwa pembeni.

Katika mtaala huu mpya mtoto hupimwa kwa ngazi nne: amezidi matarajio, amefikia matarajio, anakaribia matarajio, au yuko chini ya matarajio. Usitafute tu nambari ya darasani. Uliza, matarajio yenyewe yalikuwa nini? Alitakiwa afanye nini, na ameshindwa wapi?

Kwa wale waliobaki katika 8-4-4, anayefanya somo la ufundi katika KCSE ana kazi ya mradi anayoifanya shuleni katika mwaka wa Fomu ya Nne, kabla ya karatasi za kuandika. Alama za mradi huo zinahesabiwa. Mtoto aliyefukuzwa karo wiki tatu wakati wa mradi amepoteza kitu ambacho hawezi kukisoma usiku kwa koroboi. Mbao hazirandwi kwa kusoma daftari. Ndiyo maana tunawaomba, kama fedha ni chache, mwone mkuu wa shule mapema, na mtafute basari mapema. Msingoje mpaka mtoto afike nyumbani na sanduku.

Likizo hii, mzazi amuulize mwanawe maswali matatu:

Kwanza, muhula huu umetengeneza nini kwa mikono yako? Nionyeshe, au nichoree.

Pili, ni chombo gani umejifunza kukitumia ambacho hukukijua?

Tatu, ukipewa kazi hiyo tena, ungefanya tofauti wapi?

Mtoto anayeweza kujibu swali la tatu amesoma. Hata kama karatasi yake si nzuri sana, yuko njiani.

Na tafadhali, maswali haya waulizwe wasichana pia. Msichana anayesomea umeme au uashi akifika nyumbani hupewa mtungi na mwiko wa ugali, kaka yake hupewa waya atengeneze taa. Halafu tunashangaa mbona msichana amerudi nyuma. Hakurudi nyuma, amerudishwa. Kazi za nyumbani wagawane, na waya wagawane.

TUSIMHARIBU KWA SIFA, WALA KWA BURE

Sisi watu wa minazi tunajua methali hii kuliko wengine: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kijana wa ufundi akirudi, tusimmwagie makofi bila kuikagua kazi. Mpe kiti kilichovunjika akitengeneze. Kaa juu yake. Kikiyumba, mwambie kinayumba, akirudie. Hiyo ndiyo heshima ya fundi.

Lakini kuna ubaya mwingine, nao ni mkubwa kuliko sifa. Ni kazi ya bure. Tunawajua vijana wengi waliomaliza mafunzo wakarudi kijijini. Kijana anaunda mlango kwa mjomba, anapewa soda na "asante mwanangu". Anafunga waya kwa jirani, anaambiwa "tutaonana mwisho wa mwezi". Mwezi hauishi. Mwaka wa pili kijana huyo ameuza msumeno wake na yuko Mazeras steji, anabeba mizigo. Tukimwona tunasema, "Si tulisema ufundi hauna faida?" Jamani, faida tumeila wenyewe!

Tukileta fundi kutoka Mombasa tunamlipa, na nauli juu. Wa kwetu naye alipwe. Kama bado anajifunza, mlipe nusu ya bei ya fundi mkubwa, lakini mlipe siku ile ile kazi ikikwisha. Hiyo nusu bei ndiyo inayonunua misumari ya kazi ya pili.

KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI

Sasa tufike kwenye vikundi. Cheti bila vyombo vya kazi ni karatasi. Kijana wa useremala anahitaji angalau msumeno, randa, patasi, nyundo na futi. Wa uashi anahitaji mwiko, pimamaji, timazi na kamba. Wa ushonaji, cherehani. Mzazi aliyemaliza fedha kwa karo hana cha kununulia vitu hivi. Hapo ndipo watoto wetu wanapokwama, kati ya cheti na kazi.

Tufanye hesabu ndogo. Kikundi cha watu 20, kila mmoja aweke kando shilingi 50 kwa wiki, mbali na mzunguko wa kawaida. Hiyo ni shilingi 1,000 kwa wiki. Kwa wiki 13 ni shilingi 13,000. Haba na haba. Vyombo vya kuanzia vya fundi mmoja vinaweza kupatikana, hata kama baadhi ni vya mitumba.

Vyombo visitolewe kama zawadi. Viwe mkopo, na viwe mali ya kikundi mpaka vilipwe. Tunapendekeza hivi:

1. Kikundi kinunue vyombo chenyewe, kisimpe kijana fedha mkononi.

2. Yaandikwe makubaliano, kijana atie sahihi, na mzazi au mlezi awe mdhamini.

3. Kijana alipe kidogo kidogo kutokana na kila kazi. Asipopata kazi wiki hiyo, asisumbuliwe.

4. Kazi ya kwanza impe kikundi chenyewe: viti vya mikutano, mlango wa stoo, banda la kuku, sare za kwaya. Alipwe, na sehemu ya malipo ikatwe kwenye mkopo.

5. Akimaliza kulipa, mfuko uende kwa kijana wa pili.

Kuna jambo lingine la kuwasaidia. Kijana aliyejifunza kazi kwa fundi chini ya mwembe, bila shule, naye hajapotea. Anaweza kufanya mtihani wa ufundi unaosimamiwa na NITA, kuanzia Gredi ya Tatu, kisha ya Pili, mpaka ya Kwanza. Akiwa na cheti hicho, mwenye kazi kubwa hawezi kumwambia hajasoma. Kikundi kinaweza kumchangia ada ya mtihani.

Na wakishapata ujuzi, wasisimame mmoja mmoja. Tangu mwaka wa 2013 serikali imetenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Vijana watatu au wanne wenye vyeti wakijiandikisha pamoja kama biashara wanaweza kuomba kazi kama za kutengeneza madawati. Si kazi rahisi kupata, na makaratasi ni mengi. Lakini asiyeandikishwa hawezi hata kuomba.

TUNAWAACHIA KAZI

Kabla shule hazijafunguliwa, tunaomba kila kikundi kifanye mambo mawili. Orodhesheni vijana wote wa kijiji chenu wanaosomea ufundi na waliomaliza, wasichana kwa wavulana, pamoja na kazi anayoijua kila mmoja. Mtashangaa ni wangapi mnaowapita njiani kila siku. Kisha chagueni kazi moja, hata ndogo, mmpe mmoja wao, mkaikague, na mkamlipe.

Mkutano ujao tukikutana, kila mwenyekiti atusomee orodha yake, na mweka hazina atuambie amelipa nini na kwa nani. Hiyo ndiyo itakuwa ripoti yetu sisi watu wazima ya muhula huu. Tuone nasi tutawekwa ngazi gani.

 Sasa ni zamu yenu, ulizeni maswali.